Mtu, Joho na Vitabu

SOMO LA JUMA
Andiko kuu: 2 Timotheo 4:9-18
Soma pia: 1 Wafalme 19:1-8, Matendo 8:26-35



Baada ya ibada ya Jumapili iliyopita ndugu kadhaa waliniuliza swali moja: je, mtu aliyeokoka anaweza kusoma vile vitabu vya kutuliza mawazo na kuijenga nafsi, au ni kukosa imani? Wengine huviita vitabu vya kujisaidia, lakini kwa Kiswahili chetu jina hilo tutachekana. Hapa tuviite vitabu vya kujijenga.

Swali hili si la mchezo. Wengi wetu hapa Masalani tumeletwa na kazi: walimu, wauguzi, askari, watu wa biashara. Familia ziko mbali. Mvua ikizidi, barabara inakatika. Na wako kati yetu ambao bado wanabeba jeraha la Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa kule Chuo Kikuu cha Garissa. Mtu anaimba Jumapili mikono juu, Jumatatu hawezi kutoka kitandani. Ukimuuliza, anajibu: niko sawa, Mungu ni mwema.

Nianze na mimi mwenyewe. Wakati wa mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 usingizi ulinitoka kabisa. Nilikuwa nahubiri, lakini ndani nimekauka. Nikapata kitabu kimoja juu ya wasiwasi, nikakificha chini ya godoro, maana niliona aibu: watu watasema nini wakimkuta pasta na kitabu kama hicho? Nilikimaliza kwa usiku tatu. Hakuna kilichobadilika. Siku moja mzee wa kanisa alinitembelea, akakiona. Akauliza, "Pasta, hicho kinakusaidia?" Nikasema, "Nimekimaliza." Akasema, "Sikukuuliza kama umekimaliza." Nikanyamaza, kisha nikalia. Tangu siku hiyo tukakisoma pamoja, sura moja kila Alhamisi, na hapo ndipo nikaanza kuona mwanga.

Hebu sasa tumwangalie Paulo. Yuko kifungoni Roma, baridi inakaribia, marafiki wengi wameondoka. Anamwandikia Timotheo akimwomba vitu vitatu: aje mwenyewe upesi, amletee joho lililobaki Troa kwa Karpo, na amletee vitabu, hasa vile vya ngozi. Halafu katika mstari wa 17 anashuhudia kwamba Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Umeona hapo? Bwana alikuwa amesimama naye, na bado Paulo aliomba mtu, joho na vitabu. Imani yake haikupungua kwa kuomba. Tuanze na vitabu, maana ndilo swali letu.

1. VITABU: Soma, lakini pima

Kaunti yetu inajua thamani ya kitabu kinachosafiri mbali. Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ilianza kutumia ngamia hapa Garissa, kupeleka masanduku ya vitabu kwa wafugaji na shule ambazo gari halifiki. Kama ngamia alibebeshwa vitabu juani, wewe usione aibu kufungua kimoja.

Lakini si kila kitabu ni chakula. 1 Wathesalonike 5:21 inatuagiza kupima mambo yote na kushika lililo jema. Kitabu kinachokuahidi utajiri kwa mwezi mmoja, au kinachokuambia wewe ndiwe mungu wako, kiweke chini. Kinachokufundisha kulala mapema, kusamehe, kupanga siku yako, kutenganisha hofu na ukweli, hicho chukua.

Na usisome kwa pupa kama nilivyofanya. Shika daftari na kalamu. Soma sura moja, chagua jambo moja la kufanya juma hilo, lifanye, kisha ndipo uendelee. Dawa haiponyi kwa kusoma karatasi ya maelezo yake.

2. MTU: Usisome peke yako

Timotheo aliombwa kuja na vitabu mkononi. Na yule Mwethiopia katika njia ya jangwa alikuwa na chuo garini, lakini mpaka Filipo alipopanda na kuketi naye, hakuelewa alichosoma.

Jambo hili limeonekana pia siku hizi, jirani tu hapa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake kutoka Sudan Kusini walipewa kitabu cha picha kilichoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Hawakuachwa nacho peke yao. Walikaa kwa vikundi, mara moja kwa juma kwa majuma 5, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, wakafanya mazoezi pamoja: kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, kupumua polepole, kurudisha mawazo kwa kilicho mbele yao. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya vikao, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale ambao hawakuhudhuria. Tena wengi wa wanawake hao walikuwa wamepitia vita. Kitabu kilikuwa chepesi, lakini walikibeba pamoja.

3. JOHO: Mwili nao utunzwe

Baridi haifukuzwi kwa kusoma. Paulo alitaka joho. Na Eliya alipoomba kufa, Mungu hakuanza na mahubiri, alimpa usingizi, mkate na maji.

Tazama pia mstari wa 11: aliyebaki na Paulo ni Luka, na Wakolosai 4:14 inatuambia Luka alikuwa tabibu. Kwa hiyo mpendwa, kama huzuni imekaa majuma mawili au zaidi, hulali, huli, kazi imekushinda, kitabu hakitoshi. Nenda hospitali, mweleze daktari ukweli. Tutakuombea na utameza dawa, yote mawili.

Kama mawazo ya kufa yanakujia, usingoje kumaliza sura. Mwambie mtu leo leo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Usiogope kwamba utashtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inakwenda kinyume cha Katiba. Na kanisani hapa asiwepo wa kukuhukumu.

MASWALI YA SELI
1. Ni kitu gani umekificha "chini ya godoro" kwa kuogopa maneno ya watu?
2. Kati ya mtu, joho na vitabu, wewe umekosa kipi sasa?
3. Ni nani katika seli hii utakayesoma naye sura moja kila juma?

TUOMBE
Bwana, uliyesimama na Paulo kifungoni, simama na aliyechoka juma hili. Mpe wa kuketi naye. Mwondolee aibu ya kuomba msaada. Na sisi tufanye tuwe Timotheo wa mtu, tufike kabla ya baridi. Katika jina la Yesu, amina.