SOMO LA MWEZI HUU: MKOPO MWEMA NI UPI?



Wengi wetu tumezoea kusikia mafundisho juu ya kuweka akiba. Mwezi huu tutazame jambo linalofuatana nalo, yaani kukopesha. Huenda mtu atasema, "Sisi hatuna benki, somo hili latuhusu nini?" Latuhusu sana, kama tutakavyoona.

1. Fedha za benki ni za nani?

Mtu akipeleka benki shilingi laki moja, fedha zile hazilali kabatini. Benki hubakiza sehemu kwa ajili ya wateja wanaokuja kuchukua fedha zao, na sehemu nyingine huikopesha kwa riba. Kwa hiyo akiba ya mwalimu, ya muuza samaki na ya mkulima wa machungwa yaweza kuwa imenunua trekta, au imejenga kiwanda, au imekata msitu, na mwenyewe asijue. Kila anayeweka akiba ni mkopeshaji, ingawa hamjui mkopaji kwa jina wala kwa sura.

2. Mkopo uliolipwa wote

Tutoe mfano wa kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kamati ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo kijijini. Akaja kijana mwenye bidii, akaomba mkopo wa kuchoma matofali. Tulimwuliza maswali matatu: Una dhamana gani? Wadhamini wako ni nani? Utalipa lini? Akajibu vizuri, tukampa. Alilipa mkopo wote pamoja na riba, hata kabla ya siku yenyewe. Katika daftari letu huo ni mkopo mwema kabisa.

Lakini matofali huchomwa kwa kuni, nasi hatukuuliza kuni zitatoka wapi. Zilitoka katika miti iliyoizunguka chemchemi. Kiangazi cha pili chemchemi ilikauka, na akina mama wakaanza kwenda mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Kijana yule hakuvunja ahadi hata moja. Deni lililobaki halikuandikwa katika daftari lolote, na wanaolilipa hawakukopa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioshika kalamu.

Twajifunza basi kwamba mkopo una watu watatu: anayekopesha, anayekopa, na jirani ambaye hakuitwa mkutanoni. Benki inayotaka kukopesha kwa haki hapana budi imkumbuke huyo wa tatu.

3. Mfano wa Mto Narmada

Mambo haya hayatokei vijijini tu. Mwaka 1985 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha India dola milioni 450 za Marekani kwa ajili ya bwawa la Sardar Sarovar, katika Mto Narmada. Bwawa lilikusudiwa kuleta umeme na maji ya kumwagilia mashamba. Lakini maelfu ya watu walitakiwa kuhama, na wengi hawakuwa na hati za ardhi waliyoilima. Wakapinga kwa miaka mingi.

Mwishowe Benki iliunda tume chini ya Bradford Morse. Mwaka 1992 tume ilieleza kwamba mpango wa kuwahamisha watu ulikuwa na kasoro kubwa, na kwamba madhara kwa mazingira hayakuchunguzwa ipasavyo. Mwaka 1993 sehemu ya mkopo iliyobaki ilifutwa, kwa ombi la serikali ya India yenyewe. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliunda Jopo la Ukaguzi, ili watu walioumizwa na mradi wapate pa kupeleka malalamiko yao.

Hata hivyo India iliendelea na kazi, na bwawa lilizinduliwa mwaka 2017. Fundisho ni hili: swali likiulizwa baada ya fedha kutoka, nguvu ya mkopeshaji imekwisha kupungua. Maji yakimwagika hayazoleki.

4. Benki yaweza kufanya nini?

(a) Kupima mradi kabla ya kutoa fedha. Mwaka 2003 benki kubwa 10 zilikubaliana juu ya Kanuni za Ikweta. Kwa kanuni hizo mradi huwekwa katika daraja: A ni mradi wenye madhara makubwa, B ni wa kadiri, C ni wenye madhara madogo au usio nayo. Mradi wa daraja A huchunguzwa kwa kina, na watu watakaoguswa husikilizwa. Tangu hapo benki zaidi ya 100 zimewahi kujiunga. Lakini kanuni hizi ni za hiari, na mwaka 2024 benki nne kubwa za Marekani zilijitoa. Basi hiari peke yake haitoshi.

(b) Kuandika masharti katika mkataba, na kutoa fedha kwa awamu. Awamu ya pili isitoke mpaka sharti la kwanza limetimizwa. Sharti lisilo na awamu ni nasaha tu.

(c) Kurudi kutazama. Afisa wa mikopo asiende shambani siku ya kudai tu. Aende pia kuona maji machafu ya kiwanda yanamwagwa wapi, na vibarua wanalipwa namna gani.

(d) Kumpunguzia riba mkopaji anayetimiza ahadi ya kutunza mazingira, kwa kipimo kilichoandikwa tangu mwanzo.

(e) Kutomnyang'anya mtu chombo chake cha kuishi. Sheria ya Musa ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani (Kumbukumbu la Torati 24:6), maana anayelichukua huchukua uhai wa mtu. Leo tungesema cherehani ya mjane, au jembe la kukokotwa na ng'ombe. Tena marejesho ya mkulima yafuate mavuno, si tarehe ya kalenda tu.

5. Hapa kwetu Tanzania

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka mradi unaohusika ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza au kupewa fedha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa mabenki kuhusu hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka huo pia benki ya NMB iliuza hatifungani ya Jasiri, kwa ajili ya kukopesha biashara zinazohusu wanawake, na mwaka 2023 CRDB iliuza hatifungani ya Kijani kwa miradi ya mazingira.

Wala hii si huruma tu, bali ni hesabu. Shamba lililochukuliwa na mafuriko halilipi deni, na nyumba iliyo katika bonde la maji si dhamana ya kutegemea. Sisi wa mkoa wa Tanga twajua kwamba maji ya mji hutoka Mto Zigi, kwa njia ya bwawa la Mabayani. Miti ya milimani ikiisha, tope litashuka, na hasara itamfikia hata mwenye duka mjini.

6. Jambo lililo mbele yetu

Ombi jingine la kuchoma matofali liko mezani kwa kamati ya chama chetu. Mwombaji ni baba wa watoto wanne, naye hana kazi nyingine. Kumkatalia tu si haki. Yapo matofali ya kufungamana, ambayo hushindiliwa kwa mashine, kwa udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Lakini mashine ni ghali kuliko tanuri, kwa hiyo mkopo utakuwa mkubwa na marejesho yatachukua muda mrefu zaidi. Maana yake gawio letu la mwaka litapungua kidogo. Hapo ndipo tutakapojulikana kama tumelielewa somo hili.

Maswali ya kujadiliana:

1. Je, umewahi kuuliza akiba yako imekopeshwa kwa nani?
2. Katika mtaa wenu, ni mkopo gani uliolipwa wote lakini ukawaachia majirani hasara?
3. Je, tuko tayari kupokea gawio dogo ili chemchemi iliyobaki isikauke?