Dondoo muhimu: Rangi ya uzi kutoka bustanini

Anza na maganda ya vitunguu. Wauza vitunguu wa Soko la Mabibo huyafagia na kuyatupa, nawe ukiomba kwa adabu utajaziwa mfuko. Kwa gramu 100 za uzi mkavu, chemsha maganda gramu 100 kwa saa moja, kisha chuja. Utapata rangi ya dhahabu.

Kabla ya kuutia uzi kwenye rangi hiyo, hariri ilale usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za uzi. Bila shabu, rangi hupauka upesi. Pamba ni kaidi zaidi: itangulize kwenye maji ya majani ya mpera, yenye tanini nyingi, ndipo uitie shabu. Hariri isitokote kamwe, itapoteza mng'ao. Maji yakifuka mvuke yatosha.

Manjano huvutia siku ya kwanza tu, maana jua la Dar huyafuta. Choya nayo siipigii debe. Ukitaka rangi iliyokolea, dondoshea maji ya misumari yenye kutu, kidogokidogo. Sufuria ya kutilia rangi isipikiwe tena chakula.