Chombo Kipya Chataka Mwenye Kukijua

Wazee walisema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Maneno hayo yafaa kukumbukwa katika maduka ya Migori na Homa Bay, ambapo taa za jua, simu janja, redio ndogo na televisheni nyembamba hupangwa karibu na mlango ili kila apitaye azione. Hapana ubaya kwa mtu kupenda vyombo vipya, kwa kuwa vingi vimewaondolea watu taabu kubwa. Lakini kupenda ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Nyumba nyingi zipatazo hasara si zile zilizokataa chombo kipya, bali ni zile zilizokinunua bila kujua nguvu yake hutoka wapi, bei yake kamili ni kiasi gani, na kitunzwe kwa namna gani. Somo hili laeleza mambo hayo matatu.

MPENDA VYOMBO NA SIKU YAKE

Ni vigumu kupata kijiji kisicho na mpenda vyombo. Asubuhi, kabla ya kwenda shambani au kufungua duka, hupanda juu ya kiti na kuipangusa vumbi paneli yake ya sola. Mchana mfukoni mwake mna simu mbili, na mkobani mna nyaya za kila namna. Jioni jua litakapokuchwa, yapata saa kumi na mbili na nusu, taa yake huwaka kwanza kuliko za jirani zote, na watoto wa mtaa hukusanyika pale na madaftari yao. Jirani humwita fundi, ingawa hakupata kusomea ufundi.

Mtu wa namna hii, akiwa na maarifa, ni mwalimu wa wenzake. Mathalan mama mmoja humjia na kusema, "Mwanangu, hebu nitazamie simu hii. Nimeichaji usiku kucha, na kabla ya adhuhuri imekwisha kuzima." Naye huigeuza simu, akaona mgongo wake umeinuka, akajibu, "Mama, betri imevimba. Usiichaji tena, wala usilale nayo chini ya mto. Betri iliyovimba yaweza kushika moto." Jibu hilo fupi laweza kuokoa nyumba nzima. Mwenye mapenzi ya vyombo bila maarifa angalimwambia aendelee tu kuichaji, kwa kuwa bado yawaka.

NGUVU HUTOKA WAPI

Umeme si mgeni kabisa katika nchi hii. Katika mto Kuja, mahali paitwapo Gogo, kituo kidogo cha umeme wa maji kilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuupa nguvu mgodi wa Macalder. Lakini umeme wa namna hiyo wataka mitambo mikubwa, nguzo na nyaya ndefu, na kwa miaka mingi nyumba zilizo mbali na nyaya ziliendelea kutumia koroboi na mafuta ya taa.

Paneli ya sola ilibadili mambo kwa kuwa haihitaji nguzo. Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani waliwaonyesha watu bamba la silikoni lililogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Wakati ule liliweza kugeuza kama asilimia 6 tu ya nguvu ya mwanga. Paneli za leo hugeuza sehemu kubwa zaidi. Jambo la pili lilikuwa betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, ambayo ni nyepesi na hubeba nguvu nyingi. La tatu ni taa ya LED, itoayo mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Wataalamu watatu waliovumbua LED ya buluu, iliyowezesha taa nyeupe kutengenezwa, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mambo hayo matatu yakikutana, ndipo taa ndogo iwezapo kuangaza nyumba ya kijijini.

HESABU YA MTUNGI

Betri ni kama mtungi wa maji. Paneli ndiyo huujaza, na kila chombo kitumiacho umeme ni kata ichotayo. Kata zikizidi maji, mtungi hukauka kabla ya asubuhi, na si haki kuulaumu mtungi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nguvu ya chombo hupimwa kwa wati. Wati zikizidishwa kwa saa za kazi, jawabu ni wati-saa. Paneli ya wati 10 ikipata saa 5 za jua kali, hutoa wati-saa 50. Lakini sehemu hupotea njiani katika joto, nyaya na betri, hata zikabaki kama 35 za kutumia. Taa mbili za wati 2 kila moja, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 20. Simu ndogo ya kawaida hula kama 5. Redio ya wati 2 ikisikilizwa saa 4 hula 8. Jumla ni 33, na nyumba hiyo imetosheka.

Sasa mwenye nyumba akinunua televisheni ya wati 20 na kuitazama saa 3, atahitaji wati-saa 60 kwa televisheni peke yake. Paneli ile haiwezi. Taa zitazima, watoto watakosa kusoma, na betri itakayokaushwa kila usiku itakufa kabla ya wakati wake. Basi mtu atakaye televisheni hana budi kununua paneli na betri kubwa zaidi kwanza, au aiache televisheni mpaka atakapoweza.

MIFANO MIWILI YA ZIWANI

Faida ya chombo hupimwa kwa kazi kifanyayo. Katika kisiwa cha Rusinga, kati ya mwaka 2012 na 2015, watafiti wa ICIPE walio Mbita, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Uswisi, walizipatia nyumba zaidi ya 4,000 umeme wa jua. Kila nyumba ilipata paneli, betri, taa mbili, mahali pa kuchajia simu, na mtego wa mbu wenye feni na harufu ifananayo na ya mwanadamu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba malaria katika nyumba zilizokwisha kupata mitego ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko katika nyumba zilizokuwa bado zikingoja. Ni vema kukumbuka kwamba vyandarua na dawa havikuachwa. Mtego uliongezwa juu yake. Chombo kipya chema si lazima kifukuze kile cha zamani kifanyacho kazi.

Mfano wa pili ni wa wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga juu ya maji. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai, na gharama ya mafuta ya taa ilikula sehemu kubwa ya mapato ya usiku. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo huko Mbita ambako mvuvi aliweza kukodi taa ya umeme iliyochajiwa kwa jua, akaenda nayo ziwani, kisha akairudisha ichajiwe tena. Hapo mvuvi hakulipia uzuri wa taa. Alilinganisha kodi ya taa na bei ya mafuta ya usiku mmoja, akachagua. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu mwenye busara.

BEI KAMILI NI IPI

Safaricom ilianzisha M-PESA mwezi wa Machi 2007, na tangu hapo fedha kidogo kidogo zaweza kulipwa kwa simu kutoka mahali popote. Kwa njia hiyo, mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza vyombo vya sola nchini Kenya kwa malipo ya kila siku. Mnunuzi hutoa kiasi cha kwanza, akachukua chombo nyumbani, kisha hulipa kidogo kidogo. Asipolipa, chombo hujifunga; akilipa, hufunguka. Utaratibu huu umewapa mwanga watu ambao wasingaliweza kutoa fedha zote kwa mara moja.

Lakini malipo madogo yaweza kuficha bei kubwa. Chukua mfano wa kujifunzia tu. Chombo chauzwa shilingi 6,000 taslimu. Kwa mkopo, malipo ya kwanza ni shilingi 1,000, kisha shilingi 25 kila siku kwa siku 300. Shilingi 25 mara 300 ni 7,500. Ukiongeza zile 1,000, jumla ni 8,500. Kwa hiyo kungoja kwa muuzaji kumemgharimu mnunuzi shilingi 2,500. Huenda bei hiyo ikafaa, ikiwa mafuta ya taa yangalimgharimu zaidi kwa muda ule ule. Lakini ni lazima ijulikane kabla ya kutia sahihi.

Tena mapato ya watu wa nchi hii hayaji kila siku. Mkulima wa miwa wa Awendo hungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuvuna. Mvuvi wa omena hupata kidogo mbalamwezi ikiwaka. Deni la kila siku halingoji miwa wala mwezi. Yafaa mtu ajiulize: siku zile ambazo hakuna mapato, fedha ya chombo itatoka wapi? Ikiwa jibu ni kwamba itatoka katika unga wa watoto au karo ya shule, basi chombo hicho wakati wake haujafika.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Anunuaye na adai stakabadhi na karatasi ya dhamana, na asome dhamana ni ya miezi mingapi. Taa na iwashwe dukani mbele ya macho yake. Akinunua simu, abonyeze *#06#, namba itakayotokea ailinganishe na ile iliyoandikwa juu ya sanduku, zisipolingana, aiache. Namba ya siri ya M-PESA asimwambie mtu yeyote, hata ajapojiita mfanyakazi wa kampuni.

Paneli na iwekwe mahali pasipo kivuli cha mwembe wala cha ukuta. Migori na Homa Bay ziko karibu sana na ikweta, na kwa hiyo paneli hulazwa karibu sawasawa, ikiinamishwa kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Betri isiwekwe juani wala karibu na jiko. Taa isiyo ya kuzuia maji isipelekwe ziwani. Betri iliyokufa isitupwe motoni, chooni wala majini. Na ikusanywe na kupelekwa kwa muuzaji au fundi apokeaye mabaki ya namna hiyo, kwa kuwa sumu iliyomo huweza kurudi katika maji na samaki.

Mpenda vyombo aliyejifunza hayo hatacheka koroboi ya jirani yake, wala hatamvuta kununua asichokiweza. Atakaa naye, wachukue kalamu na karatasi, wahesabu wati na shilingi pamoja. Kisha jirani atanunua taa moja iliyo imara, ailipe yote, na kuiwasha kila jioni bila hofu ya mdai. Taa hiyo moja yampa mtu nuru na usingizi, na ni bora kuliko vyombo vitano vilivyozima rafuni.