SOMO KWA MAFUNDI: KUITAMBUA RANGI YA KWANZA YA TREKTA KUUKUU



Katika karakana za Mbarara, na katika nyua za mafundi wa Rubondo kwenye makazi ya Nakivale, kazi ya kufufua trekta kuukuu mara nyingi huanza kwa msasa. Trekta likishafikishwa uwanjani, kijana huambiwa akwangue mpaka chuma king'ae, kisha rangi mpya ipulizwe na mwenye mali afurahi.

Somo letu linasema: ngoja kidogo. Rangi iliyo juu ya chuma ni kitabu cha maisha ya trekta hilo. Ukiikwangua kabla ya kuisoma, hakuna fundi atakayeweza kuirudisha. Tena vumbi lake laweza kuwa sumu kwako na kwa watoto wako. Kwa hiyo tutajifunza mambo mawili pamoja: namna ya kuisoma rangi ya zamani, na namna ya kuisoma bila kudhurika.

1. KWA NINI TUJISUMBUE?

Mtu anaweza kuuliza: je, rangi inalima? Hailimi. Lakini inasema ukweli ambao muuzaji pengine hausemi. Tuchukue mfano.

Mwaka 1956 kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, kilianza kutoa trekta la Ferguson FE35. Bati lake, yaani boneti na madigadi, lilikuwa la kijivu. Vyuma vya injini na giaboksi vilipakwa rangi ya shaba. Mwishoni mwa 1957 trekta la sura ileile likaanza kutoka likiwa na bati jekundu na vyuma vya kijivu, nalo likajulikana kama Massey Ferguson 35. Injini za dizeli za mwanzo zilikuwa za Standard, zenye silinda nne. Baadaye, kuelekea mwaka 1960, zikaja injini za Perkins zenye silinda tatu.

Sasa tuseme kikundi cha wakulima wa Rubondo kimechanga na kununua trekta la namna hiyo, limepakwa nyekundu kuanzia pua mpaka mkia. Fundi anafuta grisi chini ya giaboksi, anakuta shaba. Anageukia injini: ina silinda tatu, na chini ya wekundu kuna kijivu, wala shaba haipo. Rangi imekwisha kumwambia habari: giaboksi ni ya 1956 au 1957, na injini imetoka katika trekta jingine la baadaye. Akifika Mbarara haombi tu "vipuri vya 35". Ataomba vya injini kwa namba ya injini, na vya giaboksi kwa namba ya giaboksi. Nusu saa ya kutazama imeokoa nauli ya safari ya pili na fedha za wanachama.

Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958. Kwa hiyo Massey Ferguson 35 jekundu na makazi yenyewe ni rika moja. Trekta la umri huo limepita mikono mingi, na kila mkono umeacha rangi yake.

2. RANGI ZA VIWANDA

Fundi aijue kwanza desturi ya kila kiwanda, ili akikuta alama aitambue. Hizi ni baadhi:

Ferguson TE20, lililotengenezwa 1946 hadi 1956, lilikuwa la kijivu bati na vyuma. Fordson Major jipya la 1952 lilikuwa la buluu na rimu za rangi ya chungwa. Matrekta ya Ford yaliyotoka Basildon kuanzia 1964 yalikuwa ya buluu na rimu za kijivu kilichofifia. David Brown lilikuwa jekundu, lakini mwaka 1965 likageuzwa kuwa jeupe lenye vyuma vya kahawia. John Deere ni kijani na njano. Caterpillar, ambalo leo kila mtu analijua kwa njano, lilikuwa la kijivu mpaka Desemba 1931.

Matrekta madogo ya bustani, pamoja na yale ya magurudumu mawili ambayo wenzetu wa Tanzania huyaita pawatila, nayo yana desturi zake. Kubota, kwa mfano, hujulikana kwa rangi ya chungwa. Njia ya kuyasoma ni ileile, ila rangi yake huwa nyembamba na huliwa upesi na mtetemo na dizeli. Hapo mkono uwe mwepesi zaidi.

Lakini tahadhari: desturi ya kiwanda ni mwongozo, si hukumu. Boneti na madigadi hubadilishwa mara kwa mara. Kwanza soma namba, ama kwenye kibao cha dashibodi ama iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kisha uulize kila kipande: wewe ulizaliwa hapa, au umehamia?

3. MAHALI PA KUTAZAMA

Rangi ya kwanza hujificha pale ambapo jua, mvua, mkono na brashi ya fundi aliyetangulia havikufika. Tazama hapa:

(a) Chini ya tangi la mafuta na nyuma ya betri.
(b) Ndani ya boneti na nyuma ya dashibodi.
(c) Chini ya bano la kiti.
(d) Chini ya washa na vichwa vya bolti ambazo hazijafunguliwa miaka mingi.
(e) Nyuma ya nembo na chini ya stika za zamani.
(f) Kwenye mikunjo ya chuma iliyojaa grisi na udongo mgumu. Grisi ni adui wa nguo, lakini ni mlinzi mwema wa rangi.

Kibao cha namba usikibandue. Tazama ukingo wake tu. Ukikiharibu umeharibu cheti cha kuzaliwa cha trekta.

Usidanganywe na rangi ya msingi. Rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara nyingi ni nyekundu ya matofali. Wengi wameikuta ndani ya boneti wakasema, "Trekta hili lilikuwa jekundu," kumbe kiwanda hakikujali kupaka rangi ya juu mahali pasipoonekana. Usiamini sehemu moja. Tafuta ushahidi wa sehemu tatu kabla ya kusema neno.

4. KUFUNGUA DIRISHA

Chagua mahali palipo laini, penye rangi nyingi. Safisha kwa maji na sabuni. Chukua msasa wa maji namba 400, uloweshe, usugue kwa mzunguko mahali padogo kama sarafu mpaka uone chuma katikati. Kisha endelea kwa namba 600, halafu 1000, ukipanua duara polepole. Usitumie tina wala mashine. Vyote viwili vitachanganya tabaka.

Ukimaliza utaona pete, moja ndani ya nyingine, mfano wa pete za mti uliokatwa. Pete ya nje kabisa ni rangi ya mwisho. Iliyo karibu na chuma ndiyo ya kwanza. Ziangalie kwa kioo cha kukuzia, uziandike kwa mpangilio.

Jambo kubwa hapa ni uchafu ulio kati ya pete. Ukiona mstari mwembamba mweusi kati ya tabaka mbili, ujue trekta lilifanya kazi kwa muda kabla halijapakwa tena. Ikiwa tabaka mbili zimeshikamana bila uchafu wowote, huenda zilipakwa pamoja: rangi ya msingi na rangi yake ya juu. Hapo ndipo utatofautisha rangi mbili za siku moja na rangi za wenye mali wawili.

Fungua madirisha mengine: boneti, madigadi, giaboksi, injini na rimu, kila kimoja peke yake.

5. JUA NA GIZA

Umeipata rangi ya kwanza. Je, ndivyo ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani? Si lazima.

Jua hula gundi ya rangi na kuacha unga wake juu, kama chokaa. Ndiyo sababu nyekundu ya zamani huonekana kama waridi, na buluu huonekana kama imekufa. Lowesha mahali hapo kwa maji: kwa dakika chache rangi itarudi karibu na hali yake. Kisha usugue unga huo kwa msasa laini mpaka ufike penye rangi hai.

Giza nalo lina hila zake. Rangi za mafuta, hasa nyeupe na kijivu, zikikaa gizani miaka mingi hugeuka manjano. Kwa hiyo kijivu utakachokikuta chini ya tangi kinaweza kuwa cha manjano kuliko kilivyokuwa. Ikiwezekana, weka kipande hicho mwangani siku kadhaa kabla ya kukilinganisha.

6. KULINGANISHA

Peleka kipande chenyewe kwa mchanganya rangi. Usipeleke picha ya simu, kwa maana simu hubadilisha rangi. Picha ifae kwa kumbukumbu tu. Linganisha mchana, nje, kivulini, mbali na ukuta wenye rangi kali. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya dukani zinaweza kutofautiana kabisa nje.

Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Pulizia kipande cha bati chenye rangi ya msingi ileile utakayotumia, ngoja kikauke kabisa, ndipo uweke kando ya dirisha lako. Ukiridhika, andika kipimo cha mchanganyiko na ukihifadhi.

Waulize pia wazee walioendesha matrekta hayo. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe hazitakuambia nyekundu au kijani, lakini zitakuonyesha pale rangi moja ilipokomea na nyingine ilipoanza.

7. SUMU ILIYO NDANI YA RANGI

Ndugu, sehemu hii isomwe mara mbili.

Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi: rangi za msingi za kuzuia kutu, na zile za njano, chungwa na nyekundu. Jambo hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 13 kuhusu risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi. Lakini mkataba hauwezi kumlinda fundi anayekwangua kwa msasa mkavu nyuma ya nyumba yake.

Risasi huingia kwa vumbi na kwa moshi. Humletea mtu mzima maumivu ya tumbo, uchovu na usahaulifu. Kwa mtoto huharibu ubongo, hata kikiwa kiasi kidogo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Katika Rubondo karakana na uwanja wa watoto mara nyingi ni mahali pamoja. Kwa hiyo:

(a) Sugua kwa maji daima, usisugue pakavu.
(b) Usichome rangi kwa moto wa gesi. Moto hugeuza risasi kuwa moshi, na leso puani haiuzuii.
(c) Tandika turubai chini. Kusanya tope na mabaki. Usiyamwage shambani wala karibu na ziwa.
(d) Vaa barakoa halisi ya vumbi. Mwajiri anayetoa kazi hii ana wajibu wa kuitoa na barakoa.
(e) Nawa kabla ya kula. Nguo za kazi zisiingie nyumbani wala zisifuliwe pamoja na za watoto.
(f) Watoto na mama wajawazito wakae mbali.

Mtaona kwamba msasa wa maji, polepole, mahali padogo, ndiyo njia ya kuisoma rangi vizuri, na ndiyo njia ya kuepuka sumu. Haraka huharibu vyote viwili. Basi muda wa kuisoma rangi uandikwe katika hesabu ya kazi na ulipwe, kwa sababu ni kazi ya ufundi kama kufunga injini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Umekuta nyekundu ya matofali ndani ya boneti. Utajuaje kama ni rangi ya msingi au ya juu?
2. Mstari wa uchafu kati ya tabaka mbili unakuambia nini?
3. Kwa nini kijivu kilichofichika gizani kinaweza kukupotosha?
4. Katika karakana yenu, maji ya msasa humwagwa wapi? Mtabadilisha nini kuanzia kesho?