YOHANA: JINA LA NEEMA

Somo la kusoma nyumbani: Luka 1:57–66

Ni vigumu kufungua daftari la ubatizo tusimkute Yohana au John. Majina hayo ni jina moja. Asili yake ni Kiebrania, Yohanan, yaani “Bwana amefadhili”. Kwa Kiyunani likawa Ioannes, kwa Kilatini Johannes, na kwa Kiingereza John. Jirani zetu Waislamu humwita Yohana Mbatizaji Yahya. Basi mtu asidhani kwamba John ni jina la wasomi na Yohana ni la shamba.

Mtoto wa Elisabeti alipotimiza siku nane, majirani na jamaa walitaka aitwe Zakaria, kama baba yake. Hawakuwa na nia mbaya. Hata kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na ni heshima. Lakini mama akakataa: mtoto ni Yohana. Jamaa wakashangaa, maana katika ukoo hapakuwa na jina hilo. Wakamgeukia baba, aliyekuwa bubu tangu alipokosa kusadiki habari ya malaika. Akaomba kibao, akaandika jina lilelile. Mara ulimi wake ukafunguka, akamsifu Mungu.

Tujifunze mambo mawili.

Kwanza, wazazi hawa hawakuwadharau wazee. Walitii tu, wakijua kwamba mtoto ni wa Mungu kabla hajawa wa ukoo. Nasi je? Mara nyingine ubatizo hucheleweshwa kwa sababu upande wa baba na upande wa mama wanashindania jina, na mama mzazi haulizwi neno.

Pili, jina peke yake halitoshi. John Swedi, aliyepewa ushemasi Unguja mwaka 1879, na John Sepeku, aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa Anglikana Tanzania mwaka 1970, twawakumbuka kwa utumishi wao. Naye Yohana Marko aliwaacha wenzake safarini, lakini baadaye Paulo alimhitaji tena. Hiyo ndiyo neema iliyomo katika jina lake.

Maswali ya kuzungumza:
1. Nani alichagua jina lako, na kwa nini?
2. Je, watoto wako wanajua maana ya majina yao? Kama hawajui, waeleze leo jioni.