Maua ya Matikiti Yanayoanguka

Katika nchi za chini zenye joto, yaani Mbeere upande wa Embu, na Tharaka ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru, watu hulima matikiti maji. Mkulima aliye mgeni wa zao hili hushtuka mapema. Mimea hutoa maua mengi ya manjano, kisha yote huanguka bila kuacha tunda hata moja. Wengine hudhani kwamba wameuziwa mbegu mbovu, wakataka kuing'oa. Yafaa wangoje.

Maua yale ya kwanza ni dume. Maua jike hufuata baada ya siku kadhaa, nayo hutambulikana upesi, kwa kuwa chini ya kila moja pana kitunda kidogo cha kijani, mfano wa tikiti lenyewe.

Ni nini kinachoamua? Kila tumba, likiwa changa kabisa, lina mwanzo wa sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Kisha moja huzuiwa isikue. Wataalamu wa Ufaransa, waliochunguza tikiti lenye harufu tamu ambalo ni ndugu wa tikiti maji, walieleza jeni zifanyazo kazi hiyo katika miaka ya 2008, 2009 na 2015. Jeni moja huzuia sehemu ya kike, na ua likawa dume. Nyingine hufanyiza hewa iitwayo ethilini, ile ile iivishayo ndizi zilizofunikwa. Hewa hiyo huinyamazisha jeni ya kwanza, na sehemu ya kike hukua. Ya tatu hutumia ethilini kuzuia sehemu ya kiume.

Ua jike hufunguka asubuhi moja tu, na alasiri hujifunga. Lisipopata chavua, yaani unga wa ua dume, kitunda hunyauka. Chavua hiyo huchukuliwa na nyuki, tena lazima walizuru ua mara nyingi. Wakija wachache, tikiti huota limepinda. Ajabu ni kwamba Mbeere na Tharaka ni nchi za mizinga tangu zamani, na bado wako wapuliziao dawa ya wadudu asubuhi, wakawaua nyuki walio kazini. Dawa na ipulizwe jioni, maua yakiisha kufunga. Nyuki wakiwa haba, mkulima aweza kuchuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, akaondoa petali zake, akaligusisha taratibu katikati ya ua jike.