Stepla ya Upasuaji Yenye Vipuri vya Kubadilishwa: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wabunifu wa Kwa Vonza

Nawaandikia vijana wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, na fundi yeyote kati ya Kitui na Wote anayewaza kubuni stepla ya kupiga pini ndani ya mwili wa mtu. Wazo ni jema na hospitali zetu zinalihitaji. Lakini kifaa hiki hakisamehe uzembe.

Katika upasuaji wa matundu madogo daktari hapasui tumbo zima. Anaingiza kamera na vyombo virefu, vyembamba, kupitia mirija, na stepla hupita kwenye mrija wa milimita 12. Taya zake hubana utumbo, hupiga mistari sita ya pini za titani, mitatu kila upande, kisha kisu hupita katikati. Mpini hubaki, katriji iliyokwisha pini hutolewa na nyingine huwekwa. Mpaka kati ya kinachobaki na kinachotupwa ndio kazi yako yote, na hapo ndipo wagonjwa huumizwa.

Amua kipi kinatupwa kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Pini zinatupwa, hilo halina mjadala. Kisu nacho kikae ndani ya katriji, kwa sababu kikibaki kwenye mpini kitakuwa butu na hakuna atakayejua mpaka kimechana utumbo badala ya kuukata. Fuawe, yaani lile taya la juu lenye vishimo vinavyokunja pini, ndilo gumu kuamua. Vishimo vikilika hata kidogo, pini haikunjiki kwa umbo la herufi B, na pini isiyokunjika vizuri haishiki. Ushauri wangu ni kulitupa pamoja na katriji. Ukiona gharama ni kubwa, basi weka kikomo cha mipigo na hesabu inayosomeka kwenye mpini wenyewe. Hesabu ya kwenye daftari hupotea.

Usiache kisu kitembee pasipo pini. Hili ndilo sharti kuu. Katriji iliyotumika ikirudishwa kwa bahati mbaya, au mpini ukifungwa bila katriji, mashine ikatae kabisa kwenda mbele. Kufuli hiyo iwe ya chuma na iwe ndani ya kifaa chenyewe, isitegemee kumbukumbu ya mtu aliyesimama thieta tangu alfajiri. Tarehe 8 Machi 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaandikia wahudumu wa afya kwamba kati ya Januari 2011 na Machi 2018 ilikuwa imepokea ripoti zaidi ya 41,000 kuhusu stepla na pini za ndani ya mwili, zikiwemo za vifo 366. Miongoni mwa hitilafu zilizotajwa ni pini kukunjika vibaya, mshono kufunguka na stepla kukataa kupiga. Mwaka 2021 masharti yakakazwa. Hivyo vilikuwa vifaa vya viwanda vikubwa, vyenye maabara na mawakili. Wewe una nini cha kukufanya ulegeze?

Usijaze pini upya kwa mkono kwenye katriji iliyotumika. Wala usibuni katriji inayomshawishi mtu kufanya hivyo. Kila pini lazima ikae kwa urefu na mwelekeo uleule, na koleo la mezani haliwezi kazi hiyo.

Heshimu rangi za katriji zilizozoeleka. Kwenye stepla nyingi nyeupe ni ya nyama nyembamba na mishipa ya damu, bluu ni ya unene wa kawaida, kijani ni ya nyama nene. Pini za rangi hizo hufungwa hadi takriban milimita 1, 1.5 na 2, kwa mfuatano huo. Usije na rangi zako za kuvutia. Sista akiombwa bluu atoe bluu.

Fanya ubadilishaji uwe wa mwendo mmoja. Stepla ya daktari wa upasuaji Hümér Hültl wa Budapest, mwaka 1908, ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na kuipanga kulichukua kama saa mbili. Ilibidi kusubiri hadi 1934 ndipo Friedrich wa Ulm, Ujerumani, alipoleta katriji ya kubadilishwa. Kwa hiyo vipuri vya kubadilishwa si mapambo, ndivyo vilivyoifanya stepla itumike. Jaribu kubadilisha katriji yako ukiwa umevaa glovu zilizolowa damu ya ng'ombe. Ukihitaji bisibisi, rudi mezani ukachore upya.

Usiruhusu kipande kiingie kinyume. Kama kinaweza kuingia kinyume, siku moja kitaingizwa hivyo. Badilisha umbo lake.

Buni kwa maji yetu, si kwa maji ya kwenye kitabu. Hapa nitakaza sauti, maana ndipo wabunifu wengi hulala. Visima vingi vya Ukambani hutoa maji ya chumvi, na chumvi hutoboa hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu. Ongeza klorini ya asilimia 0.5 ambayo vyombo vyetu vimeloweshwa ndani yake kwa miaka mingi. Utaandika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba kifaa kisiloweshwe klorini, na kitaloweshwa. Chagua chuma ukijua hivyo. Kisha tazama shina lenyewe: mrija mrefu wenye fimbo ndani yake, na damu ikikauka humo, maji ya moto huigandisha zaidi. Shina lifunguke pande zote mbili, brashi ipite, na mtu wa kuosha aone mwanga upande wa pili. Halafu lifungwe tena bila springi kuruka sakafuni. Mpini uvumilie otoklevu ya nyuzi 134, si mara kumi, mamia ya mara. Mpelekee mtu wa chumba cha kuoshea vyombo mchoro wako kabla hujampelekea profesa.

Weka njia ya kufungua taya kwa mkono. Ukitumia mota na betri, jua kwamba betri itakufa taya zikiwa zimeuma utumbo. Daktari awe na kitasa cha kurudisha kisu nyuma na kuachia, palepale, bila kumuuliza mtu.

Usitumie skrubu au kipini kinachoweza kudondoka. Kikianguka ndani ya tumbo lililotobolewa matundu matatu, kukitafuta ni kupasua.

Jaribu kwa utumbo wa machinjioni. Mbuzi hawakosekani Kitui. Piga pini, jaza maji yenye rangi, pandisha shinikizo, andika utumbo ulipovuja. Piga mpaka kifaa kife, ujue kinakufa vipi. Lakini utumbo wa mbuzi si wa binadamu, na matokeo mazuri hapo ni ruhusa ya kuendelea tu.

Usimguse mgonjwa bila kibali. Utafiti una kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kifaa tiba kina Bodi ya Famasia na Sumu. Hakuna mkato, hata kama daktari ni rafiki yako na ana hamu.

Usitoe mpini bila katriji. Hospitali ya Rufaa ya Kitui au ya Makueni ikipokea mipini mizuri na katriji za miezi michache, imepokea chuma chakavu cha baadaye. Mkataba wa katriji uje pamoja na kifaa, bei iandikwe, na aina ziwe chache. Kama huwezi kuhakikisha katriji zitafika mwaka baada ya mwaka, usiunde mpini. Mwachie daktari sindano nzuri na uzi wa kutosha, atashona kwa mkono, na mgonjwa atakuwa salama zaidi.